Kiunzi cha chuma cha kikaragosi kinaweza kuchongwa nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu filamu za vikaragosi, zile ambazo hupigwa picha moja moja, huku msanii akikisogeza kikaragosi kidogo kidogo kati ya picha moja na nyingine, hata picha hizo zikiunganishwa kikaragosi kikaonekana kana kwamba kinatembea chenyewe. Nimefurahi kuona kurasa za burudani na teknolojia zikiwahimiza vijana wajaribu sanaa hii kwa kutumia simu zao za mkononi. Kinachonisumbua ni kwamba karibu kila ushauri unaotolewa huishia kwenye waya: chukua waya wa alumini, usokote mara mbili, uuvike sponji na kitambaa, uanze kazi. Mimi ni fundi mchongaji wa vyuma niliyestaafu, nina karakana ndogo nyuma ya nyumba yangu, na humo nimekuwa nikiwachongea vijana viunzi vya chuma vya vikaragosi vyao, yaani mifupa ya ndani inayokishikilia kikaragosi. Ninaandika kusema kwamba kijana anayekusudia kutengeneza filamu inayozidi dakika moja anahitaji kiunzi cha chuma chenye viungo, na kwamba si lazima kiunzi hicho kiagizwe ng'ambo, kwa sababu karakana ya nyumbani yenye zana za kawaida inatosha kukitengeneza.

Nianze na waya, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Wasanii wengi hupiga picha mbili kwa kila mkao, kwa hiyo sekunde moja inahitaji mikao 12, na dakika moja inahitaji mikao 720. Mkono unaopunga, kiwiko kinachokunjwa na kunyooshwa, au kiuno cha mhusika anayecheza ngoma hupindwa mahali pale pale mamia ya mara. Alumini ikipindwa hivyo huwa ngumu pale inapopindwa, ufa mdogo huanza juuju na kuingia ndani pasipo mtu kuuona, na mwishowe waya hukatika. Binti mmoja aliniletea kikaragosi chake cha bibi muuza vitumbua kikiwa kimelegea kifundo cha mkono. Tulipoupasua mpira tulikuta nyuzi zote mbili za waya zimekatika mahali pamoja, lakini ncha za uzi mmoja zilikuwa za kijivu kilichofifia na zimelainika kwa kusuguana, na ncha za uzi wa pili zilikuwa bado zinang'aa. Maana yake ni kwamba uzi wa kwanza ulikuwa umekatika kitambo, na wa pili ulikuwa ukibeba mkono peke yake hadi ukashindwa katikati ya onyesho ambalo binti huyo alikuwa amekwisha kulifanyia kazi usiku kucha. Ukitia waya mpya, mkono haurudi pale ulipokuwa kwenye picha iliyotangulia, na mtazamaji huona kikaragosi kikiruka. Hapo hakuna njia ila kulianza onyesho upya.

Waya una udhaifu mwingine ambao hausemwi sana. Ukiusogeza, hurudi nyuma kidogo unapouachia, na msanii hulazimika kuusukuma kupita pale anapopataka, kisha kusubiri aone umerudi wapi. Tena waya haupindi mahali pamoja kama kiwiko cha mtu kinavyopinda, bali hujikunja urefu wote, na mhusika akaonekana kama hana mfupa. Sisemi kwamba waya hauna kazi. Kwa vidole vya mikono, ambavyo ni vyembamba mno kutiwa kiungo, hata wataalamu wakubwa hutumia waya, na wanaufunga kwa namna ya kuweza kuutoa na kuweka mwingine. Kwa mtoto anayejaribu kwa mara ya kwanza waya pia unafaa. Ninachokataa ni kumwambia kijana mwenye hadithi ya kweli kichwani, aliyekwisha kuandika mswada na kushona mavazi, kwamba waya ndio mwisho wa uwezo wetu.

Wanaodhani kwamba kiunzi cha chuma ni kazi ya viwanda vikubwa wangefaidika kwa kusikia habari za Fred Harryhausen wa Los Angeles, Marekani. Mwanawe Ray, aliyezaliwa mwaka 1920, aliitazama filamu ya King Kong, ile ya sokwe mkubwa, ilipotoka mwaka 1933, na tangu hapo hakutaka kazi nyingine maishani isipokuwa kuhuisha vikaragosi. Baba yake alikuwa fundi mchongaji wa vyuma. Kwa miaka mingi Fred ndiye aliyemchongea mwanawe viunzi kwa kufuata michoro aliyopewa, hata baada ya Ray kuhamia London, na mama naye alisaidia kushona mavazi ya vikaragosi vya filamu zake za mwanzo. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuhuisha viunzi saba vya mifupa ya wafu vinavyopigana kwa panga na watu watatu katika filamu ya Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, onyesho la dakika chache lililomchukua zaidi ya miezi minne. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kama kifundo kinalegea katikati ya wiki. Inapendeza kukumbuka kwamba nyuma ya msanii anayetajwa duniani kote alikuwako mzazi aliyesimama mbele ya mashine, akipima na kukata.

Hiyo King Kong yenyewe ilijengwa juu ya viunzi vya chuma. Marcel Delgado, aliyevitengeneza vikaragosi vyake vya karibu inchi 18, alivivika mpira na manyoya ya sungura juu ya mifupa ya chuma yenye viungo vya gololi. Mpira huoza na manyoya hunyonyoka, lakini chuma hubaki. Mwaka 2009 kiunzi kimoja cha Kong, kikiwa kimebaki mifupa mitupu, kiliuzwa kwenye mnada mjini London kwa zaidi ya pauni 100,000. Sitaji bei hiyo ili mtu aote utajiri. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha ni sehemu gani ya kikaragosi iliyotengenezwa kwa kudumu.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, na nitakaa zaidi kwenye kiungo cha gololi, kwa kuwa anayekiweza hicho ameuweza ufundi wote. Kiungo hiki ni gololi iliyochomekwa kwenye ncha ya ufito wa chuma, ikabanwa kati ya mabamba mawili yenye matundu, na mabamba yakavutwa pamoja kwa skrubu moja. Gololi huzunguka ndani ya matundu hayo, na msuguano ndio unaoishika pale ulipoiacha. Hakuna springi wala gundi.

Gololi zinapatikana kwa kila fundi baiskeli. Za gurudumu la nyuma kwa kawaida ni za robo inchi, yaani milimita 6.35, nazo zinafaa kwa nyonga, mabega na uti wa mgongo wa kikaragosi cha sentimita 25 hadi 30. Za gurudumu la mbele ni ndogo zaidi, milimita 4.76, nazo zinafaa kwa vifundo vya mikono na shingo. Zinunuliwe mpya, kwa sababu zilizokwisha kutumika zina vishimo ambavyo jicho halivioni ila kiungo huvisikia. Tatizo la gololi ni ugumu wake, kwa maana imekwisha kupikwa kiwandani na biti ya kawaida ya drili itateleza juu yake na kuungua. Dawa yake ni kuilainisha. Ninazitia gololi ndani ya kopo dogo la bati lililojaa majivu makavu, ninalifukia kopo kwenye jiko la mkaa hadi liwe jekundu kama makaa yanayolizunguka, kisha ninaufunika moto wote kwa majivu na kuuacha ufe wenyewe usiku kucha. Asubuhi gololi zinatoka nyeusi, na tupa inazikwaruza. Zisipokwaruzika, zirudishwe motoni, kwa kuwa kulazimisha biti kutaivunja tu.

Kuitoboa gololi katikati kabisa ndiko kunakowashinda wengi, na hapo ndipo mashine ndogo ya kukereza inapoonyesha thamani yake. Chukua kipande cha shaba ya manjano, kibane kwenye taya tatu za mashine, ukitoboe tundu lenye kipenyo cha gololi na kina kinachozidi kidogo nusu yake, halafu ukipasue kwa msumeno wa chuma kwa urefu ili taya zikiminya kiweze kujibana. Alama ya taya ya kwanza iwekwe juu ya shaba ili kila ukikirudisha kikae vile vile. Gololi ikiingizwa humo na taya zikakazwa, haiwezi kwenda kokote, na kwa vile tundu lile lilichimbwa na mashine hiyo hiyo, katikati ya gololi inalingana na katikati ya mashine. Anza na biti fupi ya kuanzishia, kwa sababu biti ndefu itapinda kwenye mgongo wa gololi, kisha malizia na biti ya milimita 3.1, mizunguko isizidi 1,300 hivi kwa dakika, matone ya mafuta yakiendelea, ukiitoa biti mara kwa mara ili vumbi la chuma litoke. Asiye na mashine ya kukereza anaweza kuchimba vitako viwili kwenye vipande vya chuma, akaibana gololi kati yake kwenye jiliwa, yaani kibano cha mezani, na kutobolea kwenye mashine ya kutobolea ya mezani. Itamchukua muda mrefu zaidi na baadhi ya gololi zitaharibika, lakini kazi itafanyika.

Ufito wa milimita 3 huingizwa kwenye tundu hilo na kulehemiwa kwa lehemu ya fedha. Hapa ninawashauri vijana wasitumie mashine ya kuchomelea, kwa kuwa itaila gololi yote, wala lehemu laini ya redio, kwa kuwa itakatika. Mwende kwa sonara. Masonara wa mijini mwetu wanaijua lehemu ya fedha kuliko fundi yeyote wa gari, na wana boraksi, ule unga unaosaidia lehemu itiririke, na moto mwembamba unaohitajika. Tundu liuzidi ufito kwa unene wa nywele tu, yaani kati ya milimita 0.05 na 0.1 kila upande, ili lehemu ivutwe ndani yenyewe. Likibana sana lehemu haiingii, na likilegea sana ufito unakaa upande. Moto upigwe kwenye chuma, si kwenye lehemu, na chuma kikishapata joto lehemu itakimbilia ndani kwa mara moja. Baada ya hapo kiungo kioshwe kwa maji ya moto ili ukoko wa boraksi utoke, na tone lolote la lehemu lililobaki juu ya gololi lisuguliwe kwa msasa laini huku ufito ukizungushwa kwenye mashine, maana tone dogo kama hilo litakifanya kiungo kizunguke kwa kukwama.

Mabamba hukatwa mawili mawili. Kwa gololi ya milimita 6.35 ninatumia bamba la upana wa milimita 8, urefu wa 24 na unene wa 2. Mabamba mawili huunganishwa kwa gundi kali ya dukani na kutobolewa kwa pamoja, kwa sababu matundu yaliyotobolewa mbalimbali hayatakutana hata fundi apime namna gani. Matundu mawili ya gololi huwa ya milimita 5, umbali wa milimita 16 kutoka kitovu hadi kitovu, na katikati yao hukaa tundu la skrubu, la milimita 2.5. Kisha mabamba yanapashwa moto, gundi inaachia, bamba moja linapigwa tepu ya M3, yaani linachongwa nyuzi za skrubu ya milimita 3, na la pili linapanuliwa tundu hadi milimita 3.2 ili skrubu ipite bila kukata nyuzi.

Kwa vipimo hivyo gololi inazama ndani ya kila bamba kwa milimita 1.2, na nafasi inayobaki kati ya mabamba ni milimita 3.9. Tarakimu hiyo ni muhimu kwa sababu mbili. Kwanza, pale ambapo bamba lina gololi upande mmoja tu, upande wa pili lazima uwekwe kipande cha chuma chenye unene huo huo, la sivyo mabamba yatakaa mshazari na gololi itashikwa ukingoni. Pili, ufito wa milimita 3 unapita kwenye nafasi hiyo ukiwa na upenyo mdogo tu, kwa hiyo mkono utazunguka sana kuelekea upande mmoja, sambamba na mabamba, lakini kuelekea upande wa pili utagonga mara moja. Ndiyo maana kingo za ndani za mabamba, pale ufito unapotokea, hupigwa tupa kwa mshazari hadi mwendo ufunguke, na ndiyo maana mabamba ya bega yanapaswa kuelekezwa kule ambako mkono utakwenda zaidi. Kijana anayechora kiunzi chake bila kuliwaza hili atakuwa na mhusika asiyeweza kuinua mkono juu ya kichwa.

Ukingo mkali wa tundu unaikata gololi na kulika haraka, kwa hiyo lazima utengenezewe kitako. Weka gololi nyingine, ambayo haikulainishwa, juu ya tundu na uiminye kwenye jiliwa hadi iache utepe mwembamba unaong'aa kuuzunguka ukingo. Kisha paka pesti ya kusagia valvu, ile inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari, na uizungushe gololi hiyo hiyo ngumu kwa dakika chache. Usitumie gololi ya kiunzi chenyewe. Mwishowe osha kila kitu kwa mafuta ya taa, uoshe tena kwa sabuni, kwa sababu chembe ya pesti iliyobaki ndani itaendelea kusaga kiungo miezi yote ya filamu. Kiungo kilichofanywa vizuri kinasogea kwa ulaini mmoja toka mwanzo hadi mwisho, kinasimama pale kidole kilipokiachia, na hakirudi nyuma. Ukikisikia kinaruka au kinakwaruza, kifungue.

Si viungo vyote vinavyotaka gololi. Goti na kiwiko cha binadamu ni bawaba, na goti la gololi litakunjika kando siku ambayo msanii amechoka na hakutazama. Bawaba ni rahisi kuchonga: ulimi wa milimita 3 kati ya mabamba mawili, wosha ya shaba kila upande, na skrubu moja.

Ninalotaka kulisisitiza zaidi ni mpangilio wa kukaza. Vijana wengi hukaza kila kiungo kwa kadiri ya nguvu zao, kisha hulalamika kwamba wakigusa mkono, mguu unasogea. Kiungo cha chini lazima kikazwe kuliko cha juu: kifundo cha mguu kwanza, kisha nyonga, kiuno, bega, kiwiko, na kifundo cha mkono kiwe chepesi kuliko vyote. Tuchukue kikaragosi chenye uzito wa gramu 300 kinachoinama kwa mguu mmoja, na kitovu cha uzito wake kikawa kimetoka sentimita 6 mbele ya kifundo. Nguvu inayokiangusha ni sawa na kilo 1.8 zilizoning'inizwa umbali wa sentimita 1 kutoka kwenye kiungo. Gololi ya robo inchi ina nusu kipenyo cha milimita 3.2 tu, kwa hiyo msuguano unaohitajika juu ya uso wake unafikia karibu kilo 5.7. Skrubu moja ndogo ya M3 inaweza kutoa nguvu hiyo, lakini sponji nzito, kanzu ya kitambaa kizito na kichwa cha udongo vikiongezwa, haitaweza. Kwa hiyo kichwa kiwe chepesi, kifundo cha mguu kipewe gololi kubwa zaidi, na kila unyayo utobolewe na kupigwa tepu ya M3 ili skrubu ipandishwe kutoka chini ya ubao wa jukwaa na kuushika mguu usinyanyuke.

Skrubu zote zielekezwe upande mmoja, mgongoni au kando, na mahali pa kila kichwa cha skrubu paandikwe kwenye mchoro, kwa sababu kiunzi kikishavikwa mwili mtu hataona kitu tena, naye atahitaji kuingiza ufunguo wa Allen wa milimita 2.5 kupitia kitundu kidogo cha sponji kila kiungo kinapolegea. Kulegea kutakuwako. Hata kiunzi bora kabisa hukazwa upya wakati wa filamu, na tofauti yake na waya ni kwamba kinakazwa bila mhusika kupoteza mkao wake.

Kuna jambo la mwili ambalo mafundi hatulifikirii kwa vile tunaishia kwenye chuma. Shaba huharibu mpira wa asili. Mabamba ya shaba ya manjano yanazunguka vizuri sana na gololi ya chuma, nami ninayapenda, lakini yakigusana na mpira wa maji unaotiwa kwenye mwili wa kikaragosi, mpira huo utakuwa mlaini na wenye kunata kabla ya wakati wake. Utepe mweupe wa mafundi bomba, ukizungushwa juu ya mabamba mara mbili tatu, unaondoa tatizo hilo, na pia unauzuia mpira usiingie ndani ya kiungo. Kwa wenzetu wa Pwani, ambako hewa ya chumvi haikisamehe chuma cha kawaida, fito ziwe za chuma kisichoshika kutu, lakini gololi na bamba visiwe vyote viwili vya chuma hicho, kwa sababu vikisuguana vikiwa vikavu hung'ang'aniana. Kiungo hakitiwi mafuta hata kidogo.

Mzazi anayesoma barua hii ana haki ya kuuliza kuhusu usalama, nami namjibu bila kuficha. Miwani ya kukinga macho ivaliwe kabla mashine haijawashwa. Glavu zisivaliwe karibu na kitu kinachozunguka, kwa kuwa mashine ikiishika glavu inauvuta mkono wote, na nywele ndefu na mikono ya shati vifungwe. Bamba dogo lisishikwe kwa vidole chini ya drili. Biti inapotokea upande wa pili hulikamata na kulizungusha, nalo linakata. Spoku za baiskeli na nati nyingi za dukani zimepakwa zinki, na moshi wa zinki iliyochomwa humletea mtu homa, kwa hiyo zipigwe tupa hadi zinki itoke kabla ya kulehemu. Lehemu za zamani za fedha zilikuwa na kadimiamu, ambayo moshi wake ni sumu kali. Mnunuzi aulize isiyo na kadimiamu na afanyie kazi mahali penye hewa. Haya yote ni ya kawaida katika karakana yoyote iliyo na nidhamu, na kijana wa miaka 16 akisimamiwa anaweza kuyashika.

Sasa ninaomba mambo mawili. Kwa walimu wa vyuo vya ufundi stadi, ninapendekeza kiungo cha gololi kiingizwe miongoni mwa kazi za vitendo za wanafunzi wa uchongaji. Ndani ya kitu kinachoenea kiganjani mwanafunzi atakuwa amepima kwa vernia, amelainisha chuma, amekereza, ametoboa, amepiga tepu, amelehemu kwa fedha na amesaga kitako, na mwalimu ataijua kazi njema kwa kukizungusha kiungo mara moja tu. Wanafunzi wetu wamechonga nyundo na vibano vya kutosha ambavyo huishia kabatini. Kiungo hiki kina mtu anayekisubiri. Kwa mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Kamukunji jijini Nairobi na wa karakana nyingine zilizozoea kuchonga bushi na pini za magari, ninawaomba wasimfukuze kijana anayekuja na mchoro wa mguu wa urefu wa sentimita 12. Kazi yake ni ndogo na inachukua muda, lakini mashine ni zile zile, na bei ielezwe kwa uwazi kabla ya kuanza, kwa sababu nimewaona vijana waliokata tamaa si kwa ubovu wa kazi bali kwa bei iliyobadilika katikati.

Kwa upande wako, Ndugu Mhariri, kama ukurasa wa teknolojia utakuwa na nafasi, niko tayari kukupatia bila malipo mchoro wa kiunzi cha sentimita 28, uliochorwa kwa ukubwa wake halisi, ukiwa na vipimo vya kila bamba, mahali pa kila skrubu na pembe ambayo kila kiungo kinaweza kufikia. Ninaomba tu uchapishwe bila kupunguzwa ukubwa, ili msomaji aweze kuweka chuma chake juu ya karatasi na kupiga alama.

Wako mtiifu,
Fundi mchongaji mstaafu,
Morogoro